Nanga kazi yake ni nini?

Mpwa wangu yuko Gredi ya nane. Alhamisi moja alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni, akanitupia daftari la sayansi mapajani bila salamu. Nikajua kuna jambo. Walikuwa wameambiwa wataje vitu vitatu vilivyotulia, yaani visivyo katika mwendo, naye hakuhangaika kwenda mbali. Aliandika: Ngome ya Lamu, dau lililotia nanga, Babu akiwa amelala barazani baada ya chakula cha mchana. Ngome ilipata vema. Babu akapata vema. Dau likapigwa kosa kwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu ameandika maneno mawili: "Maji husogea."

"Mjomba, dau lina nanga," akaniambia. "Sasa nanga kazi yake ni nini?"

Nilidhani nitamjibu kabla chai haijapoa. Kila nilipomtetea mwalimu nilijikuta namtetea mtoto, na kila nilipomtetea mtoto niliona kwamba zile vema mbili ndizo zenye utata kuliko lile kosa. Ngome inakwenda mbio kuliko ndege yoyote inayotua kwenye kiwanja cha Manda. Babu naye, usiseme. Katika orodha nzima, dau ndilo lenye kesi nyepesi, ila kwa sharti moja ambalo hakuna aliyeliandika, si mwanafunzi wala mwalimu wake.

Lugha nayo ina lawama yake. Tunasema bahari imetulia tukimaanisha haina mawimbi, ilhali chini mkondo unakokota. Tunasema mtoto ametulia tukimaanisha hasumbui, hata kama anazunguka nyumba nzima. Neno "simama" ndilo kiboko: ukimwambia aliyeketi, anainuka, ukimwambia anayekwenda, anasita. Katika fizikia kutulia kuna maana nyembamba zaidi. Kitu kimetulia ikiwa mahali pake hapabadiliki, muda ukipita, kwa kulinganisha na kitu kingine ulichokichagua. Watu wengi tumekariri nusu ya kwanza ya maelezo hayo tukaiacha ya pili, na ugomvi wote umo kwenye ya pili.

Jumamosi, maji yakiwa ya bamvua, nilimchukua mpwa wangu tukatoka na jirani yetu mvuvi hadi katikati ya mlango wa bahari, baina ya mji wa Lamu na kisiwa cha Manda. Kwa asiyepajua: maji ya pale hayakai. Yanajaa kwa saa sita na ushei, yanapwa kwa saa sita na ushei, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, hupita kama mto. Asubuhi ile upepo ulikuwa bado haujaamka. Jirani akatia nanga, kamba ikakaza, dau likageuza omo, yaani mbele yake, kuutazama mkondo. Hapo nikamwambia mtoto asiangalie dau, aangalie maji. Omo ilikuwa inayapasua. Povu dogo lilipita ubavuni, na tezini, upande wa nyuma, tuliacha mkia wa viwimbi kama chombo kilicho safarini. Ukijifunika shuka usione nchi kavu, ungeapa tunaelekea Shela. Jirani akashusha mshipi wenye chubwi, uzito wa kuuzamisha, nao haukwenda wima; ulilalia tezini, umevutwa na maji, kama kamba ya kumfungia mbuzi asiyetaka kwenda.

Kisha akang'oa nanga. Hatukutweka tanga wala kuwasha mashine. Maji yaliyokuwa yanapasuka omo yakanyamaza papo hapo. Kifuu cha nazi kilichokuwa kinakuja na mkondo kikafika ubavuni mwetu kikakaa, kama aliyeitwa. Mshipi ukanyooka, ukaning'inia wima chini ya ukingo wa dau. Kila kilichokuwa karibu nasi kilitulia kabisa, na mji ukaanza kwenda: gati, nyumba za mbele, punda waliosimama ukingoni, kimoja kimoja vikiteleza kurudi nyuma.

"Mjomba, mji unakwenda," akasema, halafu akajicheka mwenyewe.

Wavuvi wanalijua jambo hili bila hesabu. Anayevua kwa nanga huongeza uzito wa chubwi ili mshipi ufike chini. Anayeliachia dau likokotwe na maji hutosheka na chubwi dogo. Hakuna anayepoteza usiku akiuliza ni dau lipi lililotulia "kweli kweli." La nanga limetulia kwa ardhi na linakwenda kwa maji. Lililoachiwa limetulia kwa maji na linakwenda kwa ardhi. Mwalimu, bila kukusudia, alilitazama dau kutoka majini. Mtoto alilitazama kutoka gatini. Kuuliza "dau limetulia?" ukaishia hapo ni kama kuuliza "Shela iko karibu?" Karibu na wapi? Swali halina kosa, ila limekatwa mkia.

Fikra hii ilichukua karne nyingi kuingia vichwani, na naona aliyeichelewesha zaidi ni mkokoteni. Mwambie hamali aache kuusukuma mkokoteni wake wa saruji katika vichochoro vyetu: unasimama hapo hapo. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliona mambo ya namna hiyo akafikia hitimisho ambalo mtu yeyote mwenye macho angelifikia: kutulia ndiyo hali ya asili ya vitu vya hapa chini, na mwendo unahitaji mwenye kuusukuma. Kinachofichika ni msuguano. Mkokoteni hausimami kwa sababu umechoka. Unasimamishwa na ekseli, mchanga na mawe ya njia. Ibn Sina, mwanzoni mwa karne ya 11, alilikaribia jambo hili. Alisema kitu kilichorushwa hubeba ndani yake mwelekeo, mayl kwa Kiarabu, ambao hauishi wenyewe pasipo kizuizi, hivyo katika utupu kitu kisingekuwa na sababu ya kusimama. Kwake yeye hiyo ilikuwa hoja ya kukataa kuwepo kwa utupu! Alikuwa na ufunguo mkononi, akautumia kufunga mlango.

Galileo aliufungua mwaka 1632. Aliwataka wasomaji wake wajifungie ndani ya chumba cha merikebu, chini ya sitaha, wakiwa na vipepeo, samaki ndani ya bakuli, na chupa inayodondosha maji tone kwa tone katika chombo chenye mdomo mwembamba. Merikebu ikiwa imesimama, tazameni. Kisha merikebu iende kwa kasi yoyote, mradi isiyumbe wala isibadili mwendo, na mtazame tena. Hakuna mtakachokiona kikibadilika. Matone yataingia chomboni vile vile. Kutoka ndani ya chumba kile huwezi kujua kama unakwenda au umekaa.

Kwetu jaribio hili hufanywa kila siku kwa kahawa. Panda mashua ya Pate bahari ikiwa shwari, mtu akumiminie kahawa kutoka kwenye dele. Kahawa ikianguka sentimita 10 huchukua kama sehemu moja ya saba ya sekunde kufika kikombeni. Mashua inayokwenda kilomita 10 kwa saa husogea karibu sentimita 40 katika muda huo. Kama kahawa ingesahau mwendo wa mashua mara tu ilipotoka mdomoni mwa dele, ingemwagikia magoti ya aliyeketi nyuma yako. Haimwagiki. Inaingia kikombeni kana kwamba umeketi uwanjani Mkunguni, mbele ya Ngome, kwa sababu ilipoachana na dele ilikuwa tayari inakwenda pamoja na mashua na hakuna kilichoiambia iache. Mwaka 1640 Pierre Gassendi alilithibitisha hilo kwa ukubwa zaidi bandarini Marseille: alipanda merikebu ya makasia ikiwa katika mwendo, mawe yakaangushwa kutoka juu ya mlingoti, nayo yakatua chini ya mlingoti, si nyuma yake.

Mwaka 1687 Newton akaiweka kama sheria yake ya kwanza: kitu kilichotulia huendelea kutulia, na kinachokwenda huendelea kwenda kwa kasi ile ile katika mstari ulionyooka, hadi nguvu fulani ikilazimishe vingine. Tulipokuwa shule tuliisoma kama sheria mbili zilizofungwa pamoja. Ni moja. Kutulia na kwenda bila kubadilika ni kitu kile kile kilichotazamwa kutoka madau mawili. Ukaidi huo wa vitu, wa kutotaka kubadilishiwa mwendo, ndio wanafizikia wanaouita inesha, na nguvu haihitajiki ili kitu kiende, inahitajika ili kibadilike. Nahodha akipiga bisho ghafla, au mashua ikipanda fungu, hapo kahawa itamwagika. Kikombe hakijali kasi. Kinajali badiliko la kasi, na mwelekeo ni sehemu ya hesabu hiyo.

Sasa turudi kwenye ile vema ya Ngome.

Ngome ya Lamu ilimalizika mwaka 1821. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Imekuwa ya askari, ikawa jela hadi 1984, leo ni makumbusho, na kwa muda wote huo haijasogea hata shibiri kutoka uwanja wa Mkunguni. Kwa Mkunguni, basi, imetulia na vema yake ni halali. Lakini Lamu iko nyuzi mbili na kidogo tu kusini mwa ikweta, na mzingo wa dunia kwenye ikweta ni karibu kilomita 40,000 zinazozungushwa mara moja kwa siku. Gawanya mwenyewe: ni kama mita 465 kila sekunde kuelekea mashariki. Sauti angani huenda karibu mita 340. Kutamka "Ngome ya Lamu imetulia" kunachukua sekunde mbili hivi, na unapofunga mdomo ngome imekwisha kwenda karibu kilomita nzima pamoja na wewe, kahawa yako na punda waliolala kivulini mwake.

Hiyo ni hesabu ya kujizungusha tu. Dunia inalizunguka jua kwa karibu kilomita 30 kila sekunde. Umbali wa kutoka hapa hadi Malindi, kwa mstari wa ndege, inaukata kwa sekunde tano, safari ambayo basi hutumia saa kadhaa. Jua nalo linazunguka kitovu cha galaksi yetu kwa kilomita 200 na zaidi kwa sekunde. Na upande wa pili wa kipimo, pwani yetu yote imebebwa na bamba la ardhi la Somalia linaloachana na sehemu nyingine ya Afrika kwa milimita chache kila mwaka, mwendo wa pole hata kucha za vidole zinalishinda.

Mpwa wangu aliuliza kile ambacho kila mtu huuliza: mbona hatusikii? Jibu ni kahawa ile ile. Ila hapa kuna kasoro ninayopenda kuitaja kwa sababu vitabu vingi huiruka. Mwendo wa dunia si wa mstari ulionyooka, unapinda, na kupinda ni badiliko. Kwa hiyo tunapaswa kusikia kitu, na kweli kipo, ila ni kidogo mno. Kwa sababu ya mzunguko huo, mtu wa kilo 60 akipimwa hapa kwa mizani ya springi hupungukiwa na kama gramu 200 ukilinganisha na ambavyo angepimwa kama dunia isingejizungusha. Mwaka 1851 Léon Foucault alitundika pendulo ndefu, yaani uzito unaobembea mwisho wa waya, mjini Paris akawaonyesha watu mzunguko huo kwa macho: mstari wa kubembea wa pendulo uligeuka taratibu sakafuni, saa baada ya saa, mzunguko mzima katika saa 32 hivi. Ukitundika pendulo kama ile Lamu, utangoja kama siku 25 kumaliza mzunguko mmoja, kwa kuwa karibu na ikweta sakafu haigeuki kama sahani, inabebwa mbele tu. Tuko mahali ambapo dunia inakwenda kwa kasi kuliko karibu popote, na ambapo kuona ikigeuka ni kazi ngumu kuliko karibu popote. Sijui kama ni neema au kejeli.

Anayetaka kuushika mwendo huo kwa mkono aende Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Huko baharini ndiko Waitaliano walikosimamisha jukwaa la San Marco, lenye miguu ya chuma kama mitambo ya kuchimba mafuta, kwa ajili ya kurusha roketi. Walipachagua kwa kuwa pako karibu na ikweta na mashariki yake ni bahari tupu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka pale satelaiti ya Marekani, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ikaitwa Uhuru, kwa Kiswahili, na kwa jina hilo imo katika vitabu vya astronomia mpaka leo. Roketi iliyoibeba, ikiwa imesimama wima juu ya jukwaa kabla ya kuwashwa, mtu yeyote aliyekuwa pale angesema imetulia. Tayari ilikuwa inakwenda mita 465 kila sekunde kuelekea mashariki, bure, kabla ya kuchoma mafuta yoyote. Ili kuizunguka dunia kwa karibu, chombo kinahitaji kama mita 7,800 kwa sekunde. Kuanza safari na 465 mfukoni si haba, na ndiyo sababu roketi nyingi hurushwa kuelekea mashariki.

Wapo walioona haya yote wakasema: sawa, kila kitu kinakwenda kwa kulinganisha na kingine, lakini lazima kuwe na bahari moja kubwa iliyotulia ambamo vyote vinaelea. Newton mwenyewe aliamini kuna nafasi isiyosogea kamwe. Karne ya 19 bahari hiyo ilipewa jina, etha, na kazi: mwanga ulidhaniwa kuwa mawimbi yake. Mwaka 1887, kule Cleveland, Albert Michelson na Edward Morley waligawa mwale wa mwanga njia mbili na kuupima kwa ustadi mkubwa, wakitafuta mkondo wa etha unaopaswa kuipita dunia kama maji yaliyokuwa yanapita dau letu. Mshipi wao, tuseme, haukulala upande wowote. Mwaka 1905 Einstein akaamua kuyachukua matokeo kama yalivyo: hakuna kipimo kinachoweza kumtambua aliyetulia dhidi ya anayekwenda mwendo mmoja ulionyooka, hata kipimo cha mwanga, na etha haina kazi. Ni kweli kwamba anga lote limejaa mng'ao hafifu uliosalia tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, uliogunduliwa mwaka 1965, na kwa kuulinganisha na huo tunajua mfumo wetu wa jua unakwenda karibu kilomita 370 kwa sekunde. Lakini mng'ao nao ni kama mji unaoonekana kutoka kwenye dau: alama nzuri ya kujipimia, si nanga ya ulimwengu.

Amebaki Babu.

Babu wa mpwa wangu ni baba yangu, na kila siku baada ya sala ya adhuhuri na chakula hujinyoosha barazani, kofia imeshushwa usoni, mikono kifuani. Ukimtazama utasema mwalimu alikuwa na haki kabisa. Tuachane na pumzi na moyo, maana hata kofia ile haina utulivu. Hewa iliyoizunguka ni molekuli zinazokwenda mita 500 hivi kila sekunde, zikigongana na kurushana pande zote. Hatusikii upepo kwa kuwa zinakwenda kila upande kwa usawa. Nyuzi za kofia na mawe ya baraza yanatetemeka, na joto ndilo mtetemo wenyewe. Ungedhani ukiyapoza sana yatatulia. Kuna kikomo cha baridi, nyuzi 273.15 chini ya sifuri za Selsiasi, ambapo mtetemo wa joto ungekwisha. Lakini hata karibu na hapo kuna mwendo usioondoka, ambao si wa joto, unaotokana na kanuni ya Heisenberg ya mwaka 1927: chembe haiwezi kuwa na mahali kamili na kasi kamili kwa wakati mmoja, na kutulia tuli ni kudai vyote viwili. Ushahidi wake ni heliamu. Katika kanieneo ya kawaida ya hewa, ipoze utakavyo, haigandi kamwe, itabaki kimiminika. Kuigandisha inabidi uikandamize kwa mara 25 hivi ya kanieneo hiyo.

Hayo ya chembe niliyapita haraka kwa mtoto, kwa kuwa nilikuwa na jambo lililonikaa zaidi moyoni. Simu yangu ina kihisi kidogo kinachopima mchapuko, yaani kasi inavyobadilika. Ndicho kinachoigeuza picha unapoilaza simu. Kuna programu ya bure inayoonyesha namba zake. Tuliiweka simu barazani, kando ya miguu ya Babu, imetulia tuli. Namba ilisoma 9.8. Mpwa wangu akasema imeharibika, iko wapi sifuri inayotakiwa kwa kitu kisichokwenda. Nikachukua godoro, nikaliweka chini, nikaiachia simu kutoka kimo cha kifua. Tulipotazama mchoro baadaye, katika ule muda mfupi wa kuanguka mstari ulikuwa umeporomoka hadi karibu na sifuri kabisa, kisha ukaruka juu ilipogota godoroni.

Kwa hiyo simu iliyolala inasema inasukumwa, na simu inayoanguka inasema hakuna kinachoigusa.

Maelezo tuliyopewa shule ni kwamba uzito wa Babu unamvuta chini, baraza linamsukuma juu, nguvu hizo mbili zinalingana, naye anatulia. Ni maelezo mazuri, na mhandisi wa nyumba hahitaji zaidi. Lakini kihisi hakioni ule mvuto. Kinaona msukumo wa baraza tu. Mwaka 1907, akiwa bado karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, Einstein aling'amua kwamba mtu anayeanguka huru hasikii uzito wake, akaliita baadaye wazo lililomfurahisha kuliko yote maishani. Kufikia 1915 wazo hilo lilikuwa nadharia kamili, na ndani yake mambo yamepinduka: nazi inayoanguka kutoka mnazini ndiyo iliyoachwa ijiendee yenyewe, na aliyelala barazani ndiye anayesukumwa juu bila kupumzika, mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde.

Mpwa wangu hakukubali, na alikuwa na haki ya kutokubali. "Kama anasukumwa juu, mbona haendi juu?"

Nikamrudisha kwenye dau. Lilipotia nanga, kamba ilikaza hadi inalia. Lilipoachiwa, kamba ililala sitahani imelegea. Ukiwa umelala ndani ya dau, hujui mji uko wapi, ungeweza kuujua mkondo kwa kushika kamba: imekaza, basi kuna kitu kinakuzuia usichukuliwe na maji. Kitu kizito kama dunia hupinda mahali na muda vinavyokizunguka, kwa pamoja, hata njia ya kawaida ya kitu kilichoachwa peke yake inaelekea chini, kama njia ya kawaida ya dau lile ilivyoelekea unakokwenda mkondo. Kubaki pale pale juu ya ardhi ni kuzuiwa usiifuate njia hiyo. Mfano huu una mwisho wake, maji ni maji na mvutano ni mvutano, lakini kwa swali lake la Alhamisi unatosha: kazi ya nanga ni kuvuta. Baraza ni nanga ya Babu, na ile 9.8 ndiyo kamba iliyokaza.

Alinyamaza kidogo. Kisha akachukua penseli, akafungua daftari kwenye ule ukurasa wenye wino mwekundu, na mbele ya "dau lililotia nanga" akaongeza kwa herufi ndogo: "kwa aliye gatini." Kwenye Ngome akaandika "kwa aliye Mkunguni." Alipofika kwa Babu akasita, penseli hewani, akaniangalia.

Kofia ikainuka kidogo.

"Hapo kwangu," mzee akasema, "mwambie mwalimu wako afute. Mimi sikuwa nimelala. Nalifumba mato tu."